Mawenzi, jirani wa Kibo tusiyemtazama

Maswali ya wasomaji mara hii yote yanahusu Mawenzi, kilele cha mashariki cha Mlima Kilimanjaro. Nimeyafurahia sana, maana watu wa Tanga tunakwenda Moshi kila siku na tunarudi na habari za Kibo tu, kile kilele kirefu kuliko vyote.

Dada wa Ngamiani: Shikamoo. Nikiwa kwenye basi la Arusha niliona mlima una vichwa viwili, kimoja cheupe, kingine cheusi kimechongoka. Hicho cheusi ndicho Mawenzi? Mbona hakina theluji?

Marahaba. Ndicho chenyewe, na kina mita 5,149. Afrika nzima hakipitwi ila na Kibo, chenye mita 5,895, na vilele vya Mlima Kenya. Theluji huanguka huko pia, lakini kuta zake zimesimama wima mno, haipati pa kukaa. Hubaki kidogo ndani ya makorongo membamba yasiyopata jua.

Mawenzi ilikuwa volkano, ikazimika zamani, kabla Kibo haijatulia, na mvua, upepo na barafu vimeila hadi umebaki mifupa mitupu. Hata leo kazi hiyo inaendelea. Usiku maji yaliyoingia kwenye nyufa huganda, yakatanua mwamba, na jua likipiga asubuhi mawe huachia na kuporomoka. Ukikaa chini ya ukuta huo unayasikia.

Vijana wa Muheza: Tuko watano, tunataka kupanda Mawenzi. Inawezekana?

Kileleni, hapana. Ni kazi ya kamba na vyuma, kwa waliosomea kukwea miamba, nao huhitaji kibali maalumu. Mwamba wenyewe umeoza, unashika jiwe linabaki mkononi.

Lakini kufika miguuni mwake mnaweza. Chukueni njia ya Rongai, inayoanzia upande wa mpaka wa Kenya, na muulizie kambi ya Mawenzi Tarn, kwenye mita 4,300 hivi. Pana kiziwa kidogo chini kabisa ya ukuta. Chupa ya maji ukiiacha nje ya hema usiku, asubuhi imeganda. Kutoka hapo mtavuka jangwa la juu kati ya Mawenzi na Kibo, ardhi ya changarawe na mawe ambayo mimea yake inahesabika. Kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote mlimani. Hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila mwongoza watalii mwenye leseni, na viingilio vya Mtanzania ni nafuu kuliko vya mgeni.

Sasa nisikilizeni. Kambini hapo kila pumzi inawapa karibu asilimia 60 tu ya oksijeni mliyoizoea pwani. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni kawaida: pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka vipoe. Ila mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au kuongea ovyo, au kuhema akiwa amekaa tu, huyo ateremshwe saa ileile, hata kama ni saa nane za usiku. Msisubiri kidonge wala mapambazuko. Watu wamekufa kwa kuona haya kusema wanaumwa.

Mwalimu, Korogwe: Nani alikuwa wa kwanza kufika kileleni?

Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, Julai 1912. Kibo ilikuwa imekwisha pandwa miaka 23 kabla, Oktoba 1889, na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Ncha ya juu kabisa ya Mawenzi imepewa jina la Meyer, ingawa hakuwahi kuifikia.

Mwalimu, hapa wanafunzi wako wana somo la nyumbani kabisa. Mwaka 1888 Meyer huyohuyo alikamatwa na watu wa Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, akitoka Usambara, akafungwa, hakuachiwa mpaka ilipolipwa fidia. Mwaka uliofuata akarudi, akapanda Kibo na kukibandika jina la Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Miezi miwili tu baadaye, Desemba 1889, Abushiri akanyongwa Pangani. Nyinyi mnafundisha habari hizi mbali mbali, moja kwenye jiografia, nyingine kwenye historia. Zifundisheni siku moja.

Mvuvi wa Pangani: Wazee husema maji ya mto wetu yanatoka Kilimanjaro. Ni kweli?

Kweli tupu. Mto Lumi huanzia miteremko ya mashariki, chini ya Mawenzi, ukaingia Ziwa Jipe. Kutoka Jipe maji hushika Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakokutana na ya Kikuletwa, kisha yakapita Korogwe na Hale, yakazungusha mitambo ya umeme, mpaka hapo unapotia ngalawa yako.

Wengi hudhani ni barafu inayoyeyuka. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Kwa hiyo moto ule wa Oktoba 2020, uliounguza eneo kubwa mlimani, ulikuwa msiba wa Pangani pia, na sikuona tukiulilia ipasavyo.

Bibi wa Chumbageni: Mwanangu, mjukuu kaniuliza kwa nini mlima ule umechanika chanika. Nimwambie nini?

Shikamoo bibi. Mwambie wanavyosimulia Wachaga: Mawenzi alikuwa kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba moto, anapewa na ndizi juu yake, anarudi tena kudai moto umezimika. Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi.

Msomaji wa Lushoto: Sina uwezo wa kwenda Moshi. Naweza kuuona mlima kutoka huku?

Nenda Mambo, ukingoni mwa Usambara, ikiwezekana baada ya mvua, vumbi likiwa limetulia. Tazama kaskazini-magharibi, ng'ambo ya milima ya Pare: Kibo itakuwa kushoto, Mawenzi kulia. Lala hukohuko Mambo, maana ukingoja basi la asubuhi kutoka mjini utakuta mawingu yameshafunga.