Nyanya zina vinundu lakini majibu yanasema hakuna minyoo: kwanza ulizia friji

Mkuu, umesema udongo wa shamba lako la nyanya Ilula ulikaa kwenye friji wiki tatu ndipo ukaupeleka kupimwa, na majibu yamesema minyoo fundo (minyoo wadogo wa udongoni wanaosababisha vinundu kwenye mizizi) hawapo, ilhali miche uliyong'oa ina vinundu mizizi mizima. Tafadhali usipande nyanya tena hapo kwa kuamini karatasi hiyo. Nimechukua sampuli za udongo kuanzia Kilolo hadi Rungwe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimelifanya kwa mikono yangu.

Muulize aliyepima alitumia njia gani. Mara nyingi ni faneli ya maji, ile ya daktari Baermann, aliyeieleza mwaka 1917 kwa kutafuta viluwiluwi vya safura udongoni. Udongo unatandazwa juu ya karatasi laini, maji yanaulowesha kwa chini, minyoo wanajipenyeza wenyewe na kuzama hadi kwenye mrija wa mpira uliobanwa chini ya faneli. Baada ya siku moja au mbili unafungua, unahesabu kwa hadubini. Aliyekufa hapenyi. Aliyezubaa kwa baridi naye hapenyi.

Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya ndoo moja ya udongo nikaigawa mifuko miwili. Wa kwanza niliupima kesho yake, minyoo wakawa wengi hadi kuhesabu kunachosha. Wa pili niliusukuma nyuma kabisa ya friji, jirani na sehemu ya barafu. Nilipoutoa ulikuwa umeganda pembeni. Nikauacha uyeyuke, nikaupima mara mbili, sikuona hata mmoja anayejikunja. Niliumia sana, kwa sababu kama ningekuwa na mfuko huo tu, ningemwambia mkulima shamba lake ni safi.

Na si lazima ugande. Minyoo fundo wa sehemu za joto, hasa aina ya Meloidogyne javanica, wanaumizwa hata na nyuzi 4 au 5 za friji ya kawaida. Ndugu yake, Meloidogyne hapla, ndiye anayestahimili baridi. Siku hizi sampuli za nyanya nazihifadhi kwenye nyuzi 10 hadi 15. Juni na Julai kule Njombe chumba chenye kivuli kinatosha. Wala usikimbilie joto: juu ya dashibodi ya gari wanakufa upesi zaidi, na ukiziacha mezani siku nyingi mayai yanaanguliwa, hesabu inapanda kuliko ilivyokuwa shambani.



Njia ya chekecheo na maji ya sukari huwaelesha hata waliokufa, ila baada ya wiki tatu wengi watakuwa wameshaoza. Kwa hiyo chimba upya, sentimita 20 hivi kwenda chini, pembeni ya miche iliyodumaa. Weka na vipande vya mizizi yenye vinundu humo humo. Funga mfuko udongo usikauke, uzungushie gazeti, uufikishe maabara ndani ya siku mbili tatu.