Ogopa siku ya nafuu

Mtu akisikia kwamba niliugua kifua kikuu msimu ule ule niliopoteza tenda ya sare za shule, huniuliza nilipata wapi moyo. Jibu langu huwa haliwafurahishi wanaotaka hadithi ya ushujaa. Nilipokuwa nimelala sijiwezi sikuhitaji moyo wowote, nilikuwa napelekwa tu. Shangazi ananinywesha uji, nesi ananipa dawa, na mwenye fremu anajua sina hata nguvu ya kubishana naye kuhusu kodi. Kazi ilikuja baadaye, homa ilipokwisha, hamu ya kula ikarudi, na majirani wakaanza kuniambia, "Mbona umenawiri!" Hapo kwenye nafuu ndipo nilipoona wenzangu wakianguka, kwenye dawa na kwenye kazi vilevile.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Mbagala. Mafundi tuna maelezo tayari ya kikohozi: vumbi la vitambaa. Kikizidi wiki mbili, na jasho la usiku likawa linalowesha shuka, vumbi halihusiki tena, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu Tanzania ni bure, kwa hiyo usikubali mfuko uwe sababu ya kukaa nyumbani. Na ukiambiwa huna lakini kikohozi kikaendelea, rudi. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi ambayo zahanati zimeshayapima, na wamewagundua wagonjwa wengi ambao darubini iliwapita. Watu hucheka wakisikia habari hiyo. Mimi inanikumbusha kwamba jibu la kwanza si lazima liwe la mwisho.

Dawa ni za miezi sita kwa kifua kikuu cha kawaida. Miezi miwili ya mwanzo unameza dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na idadi ya vidonge inafuata kilo zako. Miezi minne inayobaki unaendelea na mbili, rifampisini na isoniazidi. Nesi alinieleza sababu kwa namna ambayo sijaisahau. Vijidudu vinavyozaliana kwa kasi hufa mapema, na vikishakufa hivyo homa inashuka, kikohozi kinapungua, unajiona mzima. Lakini vipo vingine vilivyolala, havina haraka, na hivyo vinahitaji kufuatwa polepole kwa miezi. Kwa maneno mengine mwili unakutangazia kupona kabla hujapona. Ukiacha hapo, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na dawa za usugu ni nzito zaidi.

Nilikuwa nakaa foleni na kijana wa bodaboda. Mwezi wa tatu akawa na nguvu za kushika pikipiki, akapotea. Tulipomwona tena alikuwa amekonda kuliko mwanzo na mkononi ana barua ya rufaa. Watu kliniki walimwita mzembe, na mimi sikubaliani nao. Tajiri wake alitaka hesabu kila jioni, dawa zilimtia kichefuchefu asubuhi, na yeye alijiona amepona. Ukiweka mambo hayo matatu pamoja, hata mtu makini anaacha. Ndiyo maana siwaambii watu wavumilie. Nawaambia wapange mambo yao mapema, wakiwa bado wanaumwa na wanaogopa, ili siku ya kujiona wazima wasipate nafasi ya kuamua upya.

Jambo la kwanza la kupanga ni mtu. Mgonjwa anaruhusiwa kunywa dawa nyumbani chini ya msimamizi anayemchagua mwenyewe. Kusimamiwa huku si kudharauliwa. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika hapa nchini na daktari Karel Styblo ndiyo iliyokuja kuwa mfano wa kusimamia matibabu ambao Shirika la Afya Duniani liliupeleka kwingine miaka ya 1990. Sasa, unapomchagua msimamizi, mwache mwenye huruma umchukue mkali. Mwenye huruma atakwambia, "Leo umechoka, pumzika, utakunywa kesho." Mimi nilimchukua shangazi yangu, mama wa Kindengereko asiyepoteza maneno.

"Umekunywa?"

"Nitakunywa, shangazi."

"Sijauliza utakunywa lini."

Mazungumzo yetu ya asubuhi yalikuwa hayo, na kwa kweli yalinichosha. Lakini nilipoanza kupata nafuu nikampa na daftari la oda. Mteja akija na kitambaa anaonana naye kwanza. Mara kadhaa nilimsikia barazani akisema, "Fundi hapokei kazi mpaka hizi zitoke," nami ndani nimeshaitamani ile advansi. Nikimgombeza ananionyesha daftari.

Jambo la pili ni kusema. Wanaoacha dawa kimyakimya mara nyingi wameshindwa na adha ambayo ina ufumbuzi. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu, usishtuke. Viungo kuuma kunatokea, kuna dawa ya kutuliza. Kichefuchefu nesi anaweza kukubadilishia muda au akuruhusu kula kidogo kwanza. Macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Akina dada, rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hili kwenye dirisha la dawa hutajwa haraka haraka au halitajwi kabisa, kwa hiyo liulize mwenyewe.

Yaliyonihusu zaidi kama fundi yalikuwa macho na miguu. Ethambutoli kwa baadhi ya watu husumbua macho, na dalili mojawapo ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa mtu anayeishi kwa kulinganisha rangi za nyuzi, tofauti hiyo ndiyo mkate wake. Nikaweka rili mbili dirishani, nyekundu na ya kijani, na kila asubuhi kabla ya vidonge nazitazama kwenye mwanga wa jua, jicho moja moja, huku jingine nimelifunika kwa kiganja. Shangazi alidhani nimeanza mambo ya waganga. Macho yalibaki salama. Miguu ndiyo iliyolalamika: vidole viliingia ganzi, nikawa nakanyaga pedeli ya cherehani bila kujua nimekanyaga kwa nguvu gani, mshono unakimbia. Nikamweleza nesi, akasema isoniazidi hufanya hivyo, akanipa vidonge vya vitamini B6, na ganzi ikaanza kupungua taratibu. Ningekaa kimya ningejiambia kwamba kazi ya cherehani ndiyo basi tena.

Kuhusu watu, methali ya mficha maradhi kifo humuumbua ni ya kweli, lakini haikulazimishi kutangaza mtaa mzima. Waambie unaovuta nao hewa moja: wa nyumbani, na wanaoshona nawe chumba kimoja. Hao wanatakiwa kupimwa, na watoto wadogo chini ya miaka mitano hupewa dawa za kinga wakionekana hawajaugua. Kwa mgonjwa ambaye dawa zinamkubali, uwezo wa kuambukiza hushuka sana baada ya wiki chache za matibabu. Nilihamishia cherehani barazani penye upepo, na mteja aliyeuliza nilimwambia, "Nilikuwa na TB, niko kwenye dawa, kliniki wameniruhusu kufanya kazi." Wengine waliondoka moja kwa moja. Mmoja aliondoka akarudi kwa sababu fundi aliyemwendea alimharibia kola.

Sasa kazi. Shule binafsi niliyokuwa nawashonea walimpa mtu mwingine tenda Desemba, wakati mimi nimeshanunua kitambaa Kariakoo kwa ajili ya Januari. Fundi anayejua msimu wa sare anaelewa uzito wa jambo hilo: ukiikosa Januari, unangoja mwaka. Bahati yangu majora yale yalikuwa ya bluu iliyokolea, na watoto wa shule za msingi za serikali huvaa shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Kwa hiyo sikuyauza kwa bei ya hasara kama nilivyoshauriwa. Nilikata kaptula za saizi mbalimbali, nikashona moja moja siku ninazoweza kukaa, binti wa jirani akazitundika mlangoni. Wazazi wapo wanaonunua sare Machi na Aprili, kwa sababu mtoto amechana au hela haikuwepo Januari. Mapato yalikuwa madogo, ila hayakuwa na tarehe ya mwisho, na mgonjwa anahitaji kazi isiyo na tarehe kuliko anavyohitaji kazi yenye faida kubwa.

Majaribu yalikuja nilipoanza kunenepa. Kila mtu alikuwa na wazo la namna ya "kurudi kwa kishindo." Chukua mkopo, nunua ovaloku, ile mashine ya kuziba kingo za nguo, ajiri wasaidizi, uwaonyeshe wale wa shule. Na mikopo yenyewe iliyo karibu ni kausha damu: fomu nyepesi, hela leo, marejesho kila wiki au kila siku, na ukichelewa wanakuja kubeba televisheni, godoro, au cherehani yenyewe. Anayekopa akiwa kwenye nafuu anakopa kwa nguvu alizokuwa nazo kabla ya kuugua, halafu analipa kwa nguvu alizonazo sasa. Kama kweli lazima ukope, kopa kwenye kikoba chako mnapofahamiana, ambako ukiumwa wiki moja watu wanakuja na unga badala ya kuja na kirikuu, kigari cha kubebea vitu vyako.

Kipimo nilichotumia mimi, na bado nakitumia, ni siku mbaya. Nikiwa mzima naweza kushona magauni matatu kwa siku. Siku mbaya naweza kumaliza moja, pengine nusu. Basi mteja namhesabia kwa siku mbaya. Kazi ikiisha mapema anafurahi na mimi sina deni la ahadi. Oda kubwa ikija naigawa: nusu kwanza, ikikabidhiwa na kulipwa ndipo nusu ya pili iingie kwenye daftari. Mteja asiyekubali, mwache aende. Inauma, najua, hasa ukiwa na kodi ya fremu ya miezi sita inayokusubiri. Kwa upande wa kodi nilimwendea mwenye fremu mapema, kabla ya tarehe kufika, nikaomba kulipa mwezi mwezi na kumgawia mwenzangu wa kusuka nywele nusu ya nafasi. Alinuna, akakubali. Nadhani angekataa kama ningemngoja aje yeye kudai.

Makohozi hupimwa tena katikati ya matibabu na mwishoni. Yangu ya mwisho yalikuja safi na nikafutwa kwenye rejista, lakini pafu lililougua linaweza kubaki na kovu, na langu limebaki nalo. Ngazi za majengo ya Kariakoo bado zinanihemesha, kwa hiyo vitambaa nanunua kwenye maduka ya chini, bei imezidi kidogo, siijali. Kazi za harusi sichukui bila mwezi mzima mkononi na nusu ya malipo mbele. Ovaloku nilinunua, ya mtumba, kwa hela taslimu, na daftari la oda liko kwa shangazi mpaka leo.