Philip alishakuwa mfalme wa Uingereza, ilikuwaje tena akaivamia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Philip wa Pili wa Hispania aliwahi kuwa mfalme wa Uingereza, halafu mwaka 1588 huyohuyo akatuma Armada, yaani kundi kubwa la meli za kivita, kwenda kuipiga. Imekuwaje? Na ni kweli walipopigwa pale vita ikaishia hapohapo?

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni kweli kabisa, Philip alimuoa Malkia Mary wa Kwanza kule Winchester Julai 1554 na akaitwa mfalme, ila mkataba wa ndoa ulimbana, Mary akifa bila mtoto na yeye ufalme wake Uingereza umekwisha. Mary akafa Novemba 1558, mtoto hakuna, kiti akakalia Elizabeth, dada yake wa baba mmoja. Na Waingereza walishaumia, maana 1557 Mary aliwaingiza kwenye vita ya mumewe na Ufaransa, na Januari 1558 Wafaransa wakauchukua mji wa Calais ambao Waingereza waliushikilia zaidi ya miaka 200.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea, wanadhani Philip na Elizabeth walichukiana tangu siku ya kwanza kisa dini, huyu Mkatoliki yule Mprotestanti. Hapana jamani! Philip alimposa Elizabeth 1559, akakataliwa, na bado akaendelea kumkingia kifua kwa Papa. Kwa nini? Kwa sababu aliyekuwa anafuata kwenye urithi ni Mary Stuart wa Uskoti, ambaye alikuwa ameolewa na mrithi wa ufalme wa Ufaransa, na Philip aliona heri Mprotestanti kuliko Uingereza iangukie kwa Wafaransa.

Walikuja kuharibikiwa pole pole. Kwanza ni baharini, ambako John Hawkins alikuwa anakamata Waafrika huku Afrika Magharibi na kwenda kuwauza kwenye makoloni ya Hispania bila kibali (na hili tusilipite hivihivi, maana vitabu vingi vinamwita shujaa wakati biashara yake ilikuwa ni watu). Mwaka 1568 Wahispania wakamvamia bandarini San Juan de Ulúa, Meksiko, akaponea chupuchupu yeye na ndugu yake kijana Francis Drake, na Drake baada ya hapo hakuwahi kuacha kuwapora.

Ila jambo kubwa kuliko yote lilikuwa Uholanzi. Waholanzi walikuwa wamemuasi Philip, na Elizabeth aliogopa sana kuona jeshi kubwa la Hispania limekaa ng'ambo tu ya pwani yake, kwa hiyo 1585 akasaini mkataba wa kuwasaidia na akapeleka askari. Kwa Philip hiyo tayari ilikuwa vita. Halafu Februari 1587 Elizabeth akaidhinisha Mary Stuart akatwe kichwa, na Philip sasa hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba akimwangusha Elizabeth atawapandishia Wafaransa mtu wao kwenye kiti.

Armada ikaondoka Lisbon Mei 1588, meli kama 130, na kazi yake kubwa ilikuwa kulivusha kwenda Uingereza jeshi la Parma, kamanda wa Hispania kule Uholanzi, kutoka pwani ya Flanders. Waingereza wakasukuma meli 8 zinazowaka moto usiku pale karibu na Calais, Wahispania wakakata nanga wakatawanyika, kesho yake wakapigwa mizinga Gravelines, kisha dhoruba za Uskoti na Ayalandi zikamalizia. Lakini Waholanzi nao wapewe haki yao bana, mashua zao ndogo ndo zilimzuia Parma asitoke.

Ila vita kuisha? Wapi! Hata mabaharia walioshinda walianza kufa kwa magonjwa huku mishahara haijalipwa, mpaka kamanda wao Lord Howard akaandika kulalamika jinsi wanavyokufa Margate, yaani hili mimi linaniuma kuliko meli zote zilizozama. 1589 Drake akapelekwa na kundi kubwa la meli kwenda La Coruña na Lisbon, wakashindwa vibaya na maelfu wakafa, hiyo hawapendi kuisimulia. Philip naye akatuma Armada nyingine 1596 na 1597, zote zikarudishwa na dhoruba, na 1601 Wahispania wakatua Kinsale, Ayalandi, kuwasaidia waasi, wakashindwa.

Philip alikufa 1598, Elizabeth akafuata 1603, wote wameiacha vita inaendelea. Aliyekuja kuimaliza ni James wa Kwanza, mtoto wa yuleyule Mary Stuart, kwa mkataba wa London wa 1604: Uingereza ikaahidi kuacha kuwasaidia waasi wa Uholanzi, Hispania ikaachana na mpango wa kurudisha Ukatoliki Uingereza kwa nguvu, na Waholanzi wakaendelea kupigana bila Uingereza.