Alama tatu za kujumlisha zimenishinda

SWALI: Modemu yangu ya zamani (kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu) inapiga vizuri kwa ATDT, amri ya kupiga simu, na namba. Lakini nikishaunganishwa, nikiandika +++ ili niweze kuipa modemu amri tena, haijibu OK. Alama zinapita tu hadi upande wa pili. Nakosea wapi?

JIBU: Nahisi kidole chako kinakimbilia Enter. Changu kilinitesa wiki nzima, nikailaumu waya bure. Modemu za mtindo wa Hayes, kampuni iliyoanzisha amri hizi za AT, zinataka ukimya wa sekunde moja kabla ya +++ na sekunde moja baada yake, na Enter huuvunja. Bonyeza tatu kwa haraka, kisha toa mikono kwenye kibodi kabisa. OK ikitokea, ATH hukata simu, ATO hukurudisha kwenye mazungumzo na upande wa pili.

Bado bubu? Kabla ya kupiga tena, andika ATS12? usome muda wa ukimya. Kawaida ni 50, yaani mara 50 ya sehemu ya hamsini ya sekunde. Mtu akiwa ameweka 255, utasubiri zaidi ya sekunde 5. Kisha ATS2?, inayopaswa kuonyesha 43, msimbo wa alama ya +. Ikizidi 127, njia ya +++ imefungwa: ifungue kwa ATS2=43, halafu AT&W uhifadhi.