Upumuaji 20 kwa Wodi Nzima

Safu hii hupokea maswali ya wauguzi, wakunga na wanaohudumiwa nao. Barua tatu za mwezi huu zinagusa kanuni za kazi na namna zinavyofuatwa pale ambapo hakuna mkubwa anayetazama. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa nina hakika aliyeiandika si peke yake.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi niliyeajiriwa miezi minane iliyopita katika hospitali ya wilaya, wodi ya wazazi. Zamu ya usiku huwa tuko wawili, na usiku ninaouzungumzia tulikuwa na akina mama 34 pamoja na watoto wao, wanne kati yao wakiwa wametoka chumba cha upasuaji jioni ile. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri, dada niliyekuwa naye zamu, ambaye ana miaka 11 kazini na ndiye aliyenipokea na kunielekeza vizuri sana nilipofika, alikusanya mafaili, akaketi mezani na kuanza kujaza nafasi za vipimo vya saa sita, saa nane na saa kumi, ambavyo havikuwa vimepimwa. Aliponiona nimesimama alinisogezea rundo langu akasema, "Jaza, mdogo wangu, mkuu wa wodi akifika asikute mapengo." Nilikataa kwa upole. Tangu siku hiyo naitwa Mlokole, na ratiba ya mwezi huu imenipangia usiku mfululizo. Je, nilikosea? Na kama mkuu wa wodi hataki mapengo ilhali sisi tuko wawili tu, nifanye nini? (Muuguzi, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, na sitakuzungusha katika hilo. Ila swali lako la pili ni gumu kuliko la kwanza, na wengi hulikwepa kwa kukariri maadili, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Chukua mafaili kumi ya wodi yoyote utazame safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, na hapa na pale 18, kana kwamba wagonjwa wote wanapumua kwa kufuata kengele moja. Katika wodi zetu nyingi upumuaji hauna mashine. Huhesabiwa kwa jicho, kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, na ndiyo maana huwa kipimo cha kwanza kupikwa, yaani kubuniwa. Mapigo ya moyo nayo husema. Anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hawezi kupata 82 wala 86, na anayehesabu kwa nusu dakika hawezi kupata 83. Matroni mzoefu akikuta namba za namna hiyo kwa muuguzi anayejulikana kuwa na haraka, hahitaji kamera ukutani ili ajue zilitoka wapi.

Katika wodi yako hiyo 20 ya kubuni inaweza kuua. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na kabla ya kila dozi inayofuata muuguzi anatakiwa ahakikishe mambo matatu: kwamba mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti linaruka linapogongwa, na kwamba mkojo uliotoka si chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Dawa ile ikizidi mwilini, misuli hulegea na pumzi hupungua polepole, pasipo kelele. Mgonjwa huonekana amelala usingizi mzuri. Aliyeandika 20 bila kutazama kifua, kisha akachoma dozi kwa kuiamini namba aliyoitunga mwenyewe, ameifunga njia ambayo ingemwonya kwamba sindano aliyopaswa kuishika ilikuwa ya kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga sumu ya magnesiamu.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kupika. Nilikuwa na miaka miwili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja alijifungua salama kabla ya saa tano usiku, akalala kitanda cha karibu na dirisha. Wodi ilikuwa imejaa. Nikamwandikia mapigo 84 na presha 110/70 saa nane, nikarudia vivyo hivyo saa kumi, kwa sababu nilipopita nilimwona ametulia. Saa kumi na moja na nusu nilikwenda kumwamsha ili akaoge, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na wenye unyevu, kama kitu kilichotolewa mtungini. Kanga mbili zilizokuwa chini yake zilikuwa zimelowa hadi kwenye mpira wa godoro. Nilihesabu mapigo kwa dakika nzima, nikapata 132. Mama mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi presha yake ikiwa bado inapendeza, na mapigo ndiyo hutangulia kupanda. Mstari wa namba tatu za kweli ungeonyesha mwelekeo huo saa tatu mapema. Alirudishwa chumba cha upasuaji, kikatolewa kipande cha kondo la nyuma kilichobaki, akaongezewa chupa mbili za damu, na namshukuru Mungu alitoka na mwanawe mikononi. Asubuhi ile matroni alifungua faili mbele yangu akaniuliza jambo moja tu: mapigo yaliyokuwa 84 saa kumi yalifikaje 132 saa kumi na moja na nusu? Sikuwa na jibu, naye hakuuliza tena.

Sasa tuje kwenye uchache wenu. Wauguzi wawili hawawezi kupima akina mama 34 kila baada ya saa mbili na papo hapo kugawa dawa, kuwasaidia wanaonyonyesha kwa mara ya kwanza na kupokea wapya. Hiyo si dhambi yako. Lakini tazama kile ambacho chati iliyojazwa yote inamwambia mwajiri: kwamba wawili wanatosha. Katibu wa afya akipeleka maombi ya watumishi na anayepokea akataka ushahidi, mafaili yenu yatashuhudia dhidi yenu, kwa kuwa kila nafasi imejaa, kila dozi imetolewa kwa wakati, na mapigo ya wodi nzima yako 84. Nimewasikia wauguzi wakilalamikia uhaba kwenye kila kikao, wakitoka hapo wanakwenda kuuficha kwa kalamu zao wenyewe. Pengo lililoachwa wazi, likaelezwa na kutiwa saini, ndiyo hoja pekee ya uhaba ambayo mkubwa hawezi kuipuuza kwa urahisi.

Kwa hiyo, unapopokea zamu, usianze na kitanda namba moja kwa sababu tu ni namba moja. Waulize wanaokukabidhi ni nani ametoka kupasuliwa, nani alivuja damu, nani ana presha ya juu, nani yuko kwenye magnesiamu, nani amejifungua saa chache zilizopita, kisha hao wapimwe kwa saa zilizopangwa pasipo kukosa. Mama wa siku ya tatu anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani anaweza kupimwa mara moja usiku huo. Nafasi ambayo hukuweza kuijaza iache, na katika maelezo ya uuguzi uandike kwa nini: wagonjwa walikuwa wangapi, wauguzi wangapi, dharura gani ilitokea na saa ngapi. Andika hayo hayo katika kitabu cha ripoti, uyasome kwa sauti asubuhi wakati wa kukabidhiana. Kama ulipima kweli saa nane ila ukapata nafasi ya kuandika saa kumi na moja, hilo halina kosa. Andika saa ya kuandika, kisha useme kwamba kipimo ni cha saa nane. Ukikosea namba, piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, andika iliyo sahihi pembeni, weka saini na saa. Wino mweupe wa kufutia hauna kazi kwenye faili la mgonjwa.

Kuhusu dada yako wa zamu, usianzie juu. Amekufundisha kazi, na huenda aliyemfundisha yeye alimfundisha na hili. Mtafute mkiwa wawili, mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, umwambie: "Dada, vitanda vya upande huu nitavipima mimi, na nitakavyoshindwa nitaviandika kwamba nimeshindwa, naomba saini yangu isikae kwenye namba ambazo sikuziona." Hapo hujamhukumu, umelinda jina lako tu. Akiendelea, na hasa akijaza kwa wagonjwa walio hatarini, una wajibu wa kumweleza mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi akinyamaza, umfikie matroni kwa maandishi, ukibaki na nakala. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupitiwa upya mwaka 2021, zinamtaka muuguzi achukue hatua pale usalama wa mgonjwa unapohatarishwa na mwenzake, kwa hiyo atakayekuita mchongezi hajui kanuni za kazi yake. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayeitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ni mwenye leseni. "Dada aliniambia nijaze" haimfuti mtu kwenye shauri.

Na ratiba ya usiku mfululizo? Omba kwa adabu uonyeshwe ratiba za miezi mitatu iliyopita. Ikiwa wenzako nao walizunguka hivyo, vumilia zamu yako. Ikiwa ni wewe peke yako, andika barua fupi isiyotaja uchungu wowote, yenye tarehe na idadi ya zamu tu. Ulokole usiutaje, jina hilo litachakaa lenyewe.

SWALI: Mkuu wa wodi amenipa onyo la maandishi kwa kupiga picha ya kidonda cha mgonjwa wa kisukari na kuiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la wauguzi tuliosoma pamoja, nikiomba ushauri wa namna ya kukisafisha. Uso haukuonekana na nia yangu ilikuwa njema. Je, onyo hili ni la haki? (Muuguzi, Mbeya)

JIBU: Nia yako siitilii shaka, ndugu yangu, lakini onyo ni la haki na ningelipokea bila rufaa. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye mguu ule hakuulizwa. Uso kutoonekana hakutoshi: kovu la zamani, pete ya kidole cha mguu, shuka lenye jina la hospitali na namba ya kitanda nyuma yake vinamtambulisha mtu kwa jirani aliyemtembelea jana. Tena picha ya kundi haikai kwenye kundi. Hujihifadhi katika simu za wote waliomo, na simu za wengi wetu ndizo watoto wanazochezea jioni. Ushauri ungeupata kwa daktari wa zamu, au kwa muuguzi wa kliniki ya kisukari ambaye huenda yuko jengo la pili tu. Kama hospitali yenu inahitaji picha kwa ajili ya kufuatilia vidonda, iombwe idhini ya maandishi, itumike kamera ya hospitali, na picha iingie kwenye faili.

SWALI: Mke wangu alihudumiwa vizuri mno alipojifungua. Nilipotaka kumpa muuguzi shilingi 20,000 kama asante, alikataa hadi nikaona aibu. Nilimkosea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hukumkosea kwa moyo wako, bwana, ila ulimweka mahali pabaya. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mjamzito ni kati ya wanaohudumiwa bila malipo katika vituo vya umma, na mwenzi wa mgonjwa wa kitanda cha pili akiona noti ikipita mkononi hawezi kujua kama ni asante au ni bei. Kesho yake naye ataitafuta noti kabla ya kuomba shuka. Muuguzi mwenyewe angebaki akijiuliza namna ya kuieleza TAKUKURU, maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimwachii nafasi kubwa ya kusema ilikuwa ni furaha ya baba mpya. Ukitaka kumshukuru, andika barua kwa uongozi wa hospitali, taja wodi, tarehe na kile hasa alichokifanya, uombe nakala iwekwe kwenye jalada lake. Maandazi ya wodi nzima, mkeo akiwa amekwisha kuruhusiwa na yuko nyumbani, bado sijaona aliyeyakatalia.