Vifaru bustanini, watu walipinga nini?

SWALI: Mambo kaka, mi niko Mwanza. Lile gwaride la Washington Juni 2025 sijaelewa mpaka leo, jeshi linafanya bethdei yake pale National Mall, ile bustani kubwa ya katikati ya mji, raia wanaandamana ya nini? Hawalipendi jeshi lao?

JIBU: Poa ndugu yangu. Mbona hata wanajeshi wastaafu walipinga, jioni ya tarehe 13 watu kama 60 hivi walikamatwa pale kwenye jengo la Bunge, wastaafu wakiwemo. Ishu haikuwa jeshi kutimiza miaka 250, ishu ni kwamba tarehe 14, siku ya gwaride, ndo Trump naye anatimiza 79, sasa watu wakaona vifaru vinatembezwa mjini kwa ajili ya keki ya mtu mmoja, na hela yenyewe jeshi lilikadiria dola milioni 25 mpaka 45. Barabara ziliwekewa mabamba ya chuma lami isichimbike, we fikiria! Halafu sisi gwaride la uhuru tumelizoea, wenzetu kubwa kama lile hawakuwa nalo toka 1991 baada ya vita ya Ghuba. Wale wa "No Kings", yaani hatutaki wafalme, waliikwepa Washington makusudi, maandamano yao makubwa wakayapeleka Philadelphia.