Kasha la vipande 100 au zana sita za kuaminika? Jibu kwa dada aliyehamia muzigo

Dada yangu, umesema umehamia muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huko Kireka, Uganda, una shilingi 150,000 za kununulia zana za nyumbani, droo unayo moja tu ya kuziwekea, na muuza duka amekuonyesha kasha la plastiki lenye vipande 100 kwa bei inayokaribia fedha yote hiyo. Unataka kujua kama ulichukue. Ushauri wangu ni kwamba usilichukue. Nunua zana sita, moja baada ya nyingine, na kila moja uikague kwa mikono yako kabla ya kulipa.

Nimepanga vyumba Kampala kwa miaka 14, na kasha kama hilo nililinunua mwaka wangu wa kwanza. Zaidi ya nusu ya vipande vyake sikuwahi kuvigusa, na kile nilichokihitaji kweli kilinitupa saa nne usiku, pale nati ya bomba lililo chini ya sinki ilipoanza kuvuja. Nilichukua spana ya kurekebisha iliyokuwamo, nikaibana nati, nikavuta. Taya linalosogea likacheza, likarudi nyuma kiasi cha unene wa ukucha, na spana ikateleza. Nikakaza tena, ikateleza tena. Nilipomulika kwa simu nikaona pembe za nati zimelika na shaba mpya inang'aa, na kabla sijakubali kushindwa ilikuwa imeshakuwa mviringo kama pete. Nilifunga maji kwenye mita, na asubuhi fundi akalazimika kuikata nati kwa msumeno wa chuma. Nililipia nati, bomba na kazi yake, na jumla ilizidi bei ya spana nzuri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni mahali zana inapogusana na kazi. Nguvu yote ya mkono wako inaishia kwenye eneo lisilozidi punje ya mahindi, yaani ncha ya bisibisi, midomo ya spana au makali ya koleo. Zana ndogo haina uzito wala urefu wa kukusaidia, kwa hiyo eneo hilo likiwa limetengenezwa ovyo, rangi nzuri ya mpini haitakufaa kitu.

Kwa spana ya kurekebisha, tafuta ya milimita 150, ambayo inaingia kwenye droo ya jikoni bila taabu. Ifungue hadi nusu, shika taya linalosogea kwa kidole gumba na cha shahada, kisha ulitikise. Mchezo mdogo haukosekani, lakini ukiona mataya mawili yanaacha kuwa sambamba, irudishe kwenye rafu. Ukishakuwa nayo, igeuze kila mara ili nguvu iangukie taya lisilosogea, kwa sababu hilo ni kipande kimoja na mpini, ilhali la pili linashikiliwa na gurudumu dogo lenye meno. Mimi sikuambiwa jambo hili na mtu yeyote, na naamini usiku ule nilikuwa nimeishika kinyume.

Bisibisi ndiyo utakayoitumia kuliko zana nyingine yoyote, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Chagua yenye mpini mmoja na ncha za kubadilisha ambazo shina lake lina pande sita za robo inchi. Kipimo hicho kimeenea duniani kote, na ncha moja ikiisha utapata nyingine bila kununua mpini upya. Skrubu za nyota unazokutana nazo si za aina moja. Phillips ina msalaba mtupu, na Pozidriv ina msalaba ule ule pamoja na mistari minne myembamba katikati ya mikono yake, ambayo utaiona ukiisogeza skrubu karibu na dirisha. Skrubu nyeusi ambazo maseremala wetu wanazipenda kwa kawaida ni Phillips namba 2, na zile za manjano za mbao za kubandika mara nyingi ni Pozidriv namba 2. Ukitumia ncha ya moja kwenye nyingine itakaa nusu nusu, itaruka, na itachimba kichwa cha skrubu hadi kisishikike tena. Kwa hiyo uwe na zote mbili, pamoja na ncha bapa moja.

Dukani, pachika skrubu kwenye ncha isiyo na sumaku, uilaze bisibisi sambamba na sakafu, uone kama skrubu inabaki. Ncha iliyochongwa sawasawa huishika, na iliyoyeyushwa kwenye kalibu bila umakini huiangusha. Herufi Cr-V zilizochapwa kwenye shina zinamaanisha chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, ambacho ni chuma kizuri, lakini kupiga chapa ni rahisi na wapo wanaoipiga juu ya chuma chochote. Ukifika nyumbani, pitisha tupa ndogo kwenye pembe ya ncha. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, na ikiuma na kutoa vumbi, bisibisi hiyo haitamaliza mwaka.

Koleo, au plaisi kama mafundi wanavyosema, lifunge na ulielekeze kwenye mwanga. Usione mwanga kati ya makali yake, na lifunguke kwa mkono mmoja bila kuyumba kwenye riveti, yaani pini inayounganisha pande zake mbili. La milimita 160 linatosha. Hapa kuna jambo la usalama ambalo nakuomba ulizingatie sana. Umeme wetu ni volti 240, na plastiki ya kawaida kwenye mpini ni ya kushikia tu. Zana iliyokingwa kwa kazi ya umeme huandikwa 1000 V na huwa na alama ya pembetatu mbili. Hata ukiwa nayo, zima swichi kuu kwanza, kisha hakikisha kwa kifaa cha kupimia kwamba waya hauna umeme.

Uliuliza pia kuhusu koleo la kukunja lenye visu ndani yake, la namna ya Leatherman, kampuni ya jimbo la Oregon nchini Marekani iliyoanzishwa mwaka 1983. Ninalo moja halisi na ninalithamini sana safarini, lakini mpini wake unaumiza kiganja ukikaza kitu kigumu, na kwa fedha uliyo nayo utakachopata ni cha kuiga tu. Liache kwa sasa.

Nyundo ya gramu 300 itakutosha. Ukipiga misumari ya zege vaa miwani ya kinga, kwa kuwa misumari hiyo hukatika na kuruka. Futi ya utepe ya mita 3 inatosha chumba kimoja, na usishtuke ukikuta ndoano ya mwanzo inacheza, kwani imetengenezwa isogee kiasi cha unene wake ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Nimemwona kijana akigonga riveti za ndoano hiyo kwa nyundo ili ikaze, na rafu zote alizokata baada ya hapo zikatofautiana kwa milimita moja. Zana ya sita ni pimamaji fupi, ya kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Iweke mezani, soma kiputo, igeuze mwisho kwa mwisho, usome tena. Kikikaa mahali tofauti, usiinunue.

Ukienda kwenye maduka ya Nakasero mjini Kampala, nenda asubuhi siku ya kazi, wakati muuzaji ana nafasi ya kukuacha ufungue na kutikisa. Beba kutoka nyumbani skrubu moja ya kitasa cha mlango, moja ya kabati na nati moja ya bomba, ujaribie hizo hizo. Anza na bisibisi na spana, na fedha itakayobaki ngojea nayo hadi upate koleo lisilopitisha mwanga.